Kuanika pesa bila kuanika watu: mwongozo wa michango kwa vikundi vya kudai haki mtaani

Hii naiandikia wenzangu mlio kwenye vikundi vidogo vya mtaani, vile vya kusukuma kaunti ilete maji, vya kulalamikia jaa la taka, vya kwenda kukaa kwenye vikao vya bajeti mpaka MCA, mwakilishi wa wadi, anaanza kuangalia saa. Sizungumzii mashirika makubwa yenye mhasibu na gari. Nazungumzia kikundi cha watu thelathini hivi, faili moja la plastiki, na mweka hazina ambaye kazi yake ni kushona nguo au kufunza shule ya msingi, ndio kama mimi hapa Kisauni, Mombasa, nimeshika pesa za kikundi mwaka wa sita sasa na makosa mengi mtakayoyasoma hapa niliyafanya mwenyewe.

Shida iko hivi. Mnaomba watu pesa ya fotokopi, ya matatu ya kwenda bunge la kaunti, ya kukodi spika. Watu wanatoa. Sasa yule aliyetoa mia tatu ana haki asianikwe, na yule jirani anayesikia mnaongea kwa niaba ya mtaa wake naye ana haki ajue nani anawalipia hiyo spika. Vikundi vingi hapa huteleza, ama vinaanika kila kitu, majina, namba za simu na yote, ama vinafunika kila kitu halafu maneno yanaanza. Sisi tulianza na ile ya kwanza tukarukia ya pili, na zote mbili zilitutoa jasho.

Ya kwanza mnaijua, ni ile listi ya WhatsApp. Mtu anaandika, wa pili anakopi anaongeza jina lake, wa tatu hivyo hivyo, mpaka jioni grupu zima ni listi ileile mara arubaini:

1. Mwenyekiti 1000 ✅
2. Mama Zuhura 200 ✅
3. Sista wa dispensari 300 ✅
4. Kaka wa boda 150 (kesho inshallah)

Wakati huo tulikuwa tunaandika ombi kuhusu dawa kukosekana dispensari. Huyo namba tatu ni muuguzi, anajua vizuri kuliko sisi sote kwamba dawa hakuna, akatoa mia tatu yake kimya kimya, akadhani. Listi ikafowadiwa grupu la pili, la tatu, Jumatatu asubuhi mkubwa wake anayo kwenye simu, anamuuliza wewe ndio unafadhili watu wa kutupigia kelele? Hakufutwa kazi, lakini miezi miwili zamu zake zote zikawa za usiku. Na hakuna aliyemchongea kwa makusudi, listi ilitembea yenyewe. Ya pili nitawaeleza nikifika mbele.

Kwa hivyo tukae kitako tuipange.

Hatua ya 1: Jueni nyinyi ni kina nani

Kabla ya pesa, mkubaliane kama mnasukuma jambo au mnasukuma mtu. Kusema kaunti irudishe maji Bamburi ni kusukuma jambo. Kusema tusimpigie tena fulani, hapo mshahama, mmeingia kampeni, na sheria zake ni nyingine. Sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, ile ya 2013 iliyokaa kabatini mpaka ikaanza kutumika Mei 2024, inakataza shirika lililosajiliwa chini yake kuchangisha au kufanya kampeni ya kuunga au kupinga chama au mgombea. Vyama navyo vina Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011, inayotaka vyanzo vya pesa vijulikane na inakataza pesa ya asiye raia. Sisi wa vikundi vya jamii tuko chini ya Sheria ya 2022 ya usajili wa vikundi, watu kumi mnatosha, mnaenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya sabukaunti na katiba yenu na minits.

Mbona nawachosha na haya? Kwa sababu watu hudhani kuna mahali serikali imeandika kikundi kidogo kitaje nani na kifiche nani, halafu wanangoja waambiwe. Msingoje. Hata ile Sheria ya Gharama za Kampeni za Uchaguzi ya 2013, iliyotungwa kuwabana wagombea wakubwa wenyewe, uchaguzi wa 2017 umepita na wa 2022 umepita bila mipaka yake kutumika, mara ya pili IEBC, tume ya uchaguzi, iliiweka kwenye gazeti rasmi la serikali 2021 na wabunge wakaikataa. Basi kama mheshimiwa hajabanwa, nyinyi wa kuchangisha shilingi elfu kumi na mbili hamtabanwa na mtu, mtajibana wenyewe. Na Agosti 2027 inakuja, wanaotaka viti wameshaanza kutafuta vikundi vya kuvisaidia.

Hatua ya 2: Andikeni kanuni kabla pesa haijaingia

Ukurasa mmoja unatosha, mkono au kompyuta, usomwe kwenye mkutano, watu wapige kura, uingie minits. Ukiandikwa baada ya pesa kuingia kila mtu ataona umeshonwa kumfaa aliyetoa. Yetu inasema hivi, mnaweza kukopi mkabadilisha namba:

Mchango chini ya 5,000 kwa mwaka: jina halitajwi popote nje ya watu wawili wanaoshika rejista. Kati ya 5,000 na 20,000: tunataja aina ya mtu tu, mfano mfanyabiashara wa mtaani, au mwanachama, au mzaliwa wa hapa aliye ng'ambo. Zaidi ya 20,000, au zaidi ya sehemu moja ya kumi ya bajeti yetu ya mwaka, yoyote itakayofikiwa mwanzo: jina linatajwa, na anaambiwa hivyo kabla hajatuma, akikataa kutajwa basi hatupokei. Na kuna watu ambao wanatajwa hata wakitoa hamsini: mwenye cheo cha kuchaguliwa, anayetaka cheo, mfanyakazi wake, na yeyote mwenye kandarasi au anayetafuta kandarasi ya kaunti kwenye jambo tunalolisukuma.

Hilo la mwisho ndilo moyo wa kanuni. Muuguzi wa mia tatu tunamficha kwa sababu ana la kupoteza na hana anachonunua kwetu. Mkandarasi naye anaweza kuwa ananunua, kwa hivyo haijalishi ni kiasi gani. Kuna mtu kwenye mkutano wetu alibisha, akasema ubaguzi huu, ama wote wafichwe ama wote watajwe. Nilimjibu kwamba taa ya barabarani haiwashwi chumbani kwa mtu. Hakuridhika sana lakini alipiga kura ya ndio.

Kiwango chenu msikope chetu kibubusa. Kikundi cha bajeti ya elfu thelathini kwa mwaka, 20,000 kwao ni karibu kila kitu, hiyo ya sehemu ya kumi ndiyo itawaokoa.

Hatua ya 3: Mlango mmoja wa pesa

Sio simu ya mwenyekiti. Sio simu ya mweka hazina. Najua ni rahisi, lakini pesa ikiingia kwenye laini ya mtu inachanganyika na ada ya mtoto na pesa ya gesi, na ukitaka kuonyesha hesabu itabidi uonyeshe maisha yako. Halafu kila ujumbe wa M-Pesa unaoingia una jina la aliyetuma, kiasi, tarehe na saa, zote zimekaa kwenye simu ambayo mtoto anachezea gemu.

Fungueni akaunti ya kikundi benki au sacco, watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa pesa. Watawaomba cheti cha usajili na minits zinazosema nani kachaguliwa. Ikiwa mna Paybill yenu wenyewe, ile namba ya M-Pesa ya kupokea malipo, ni vizuri zaidi, kwa sababu pale pa kuandika namba ya akaunti mchangaji anaweza kuandika namba mliyompa, mfano M19, badala ya jina. Till, ile namba ya kulipia dukani, haina hiyo nafasi lakini bado ni bora kuliko simu ya mtu. Pesa taslimu ya kwenye kikapu cha mkutano ihesabiwe palepale na watu wawili, iandikwe jumla, iingizwe akaunti kesho yake. Kikapu hakina majina na ndio raha yake, ila mtu akitia bunda la elfu hamsini kwenye kikapu msijifanye hamkuona.

Hatua ya 4: Ueni ile listi

Admini wa grupu aandike mara moja, akatulie: kuanzia leo hakuna listi ya majina na hakuna kuposti skrinishoti ya M-Pesa. Watu watalalamika, wengine wanapenda kuonekana, na hilo mtu ana uhuru wake akisema mwenyewe nimetoa, ila kikundi hakisemi kwa niaba yake. Wiki za kwanza mtakuwa mnafuta jumbe za watu, fanyeni kwa upole, inboxi kwanza, kuna wazee wanaoona kuposti ile skrinishoti ndio risiti yao.

Badala yake mweka hazina anatuma jumla. Yetu hutoka saa tatu usiku, hivi:

"Mchango wa ombi la maji, siku ya 4. Wametoa leo: watu 11. Jumla ya leo: 3,450. Jumla mpaka sasa: 14,200 kati ya 22,000. Mwisho Ijumaa. Ukitaka kuhakiki wako, tarakimu nne za mwisho za kodi (msimbo) ya malipo yako ya M-Pesa ziko kwenye daftari kwa katibu."

Hizo tarakimu nne ndizo ninazojivunia. Kila malipo ya M-Pesa huja na kodi ya herufi na namba kumi. Nne za mwisho anazijua aliyetuma, na kwa jirani ni takataka tu. Tukiweka kwenye daftari la wazi "7QX2, 300" yule muuguzi anajiona, anajua pesa yake ilifika na haikuliwa, mkubwa wake akisoma haoni kitu. Uwazi umepatikana, mtu hajaguswa.

Tahadhari mbili lakini. Msiweke saa. Mtu aliyekaa karibu na wewe ukituma saa nne na dakika kumi ataunganisha. Na kiasi cha ajabu ajabu, mtu akituma 7,350 wakati wote wanatuma mia na mia mbili, atajulikana, hiyo iwekeni kwenye fungu la "5,000 na zaidi" mwisho wa mwezi badala ya siku ileile.

Kuhusu grupu lenyewe, mkiwa wengi tumieni ile Community ya WhatsApp, kwenye sehemu ya matangazo wanachama wa kawaida hawaoni namba za wenzao, maadmini tu. Kwenye grupu la kawaida kila mtu anaona namba ya kila mtu, ndio mwanzo wa mambo yote.

Hatua ya 5: Madaftari mawili, yasilale kitanda kimoja

Daftari la pesa ni la wote. Tarehe, kodi nne, kiasi kilichoingia, kilichotoka, kimetoka kwa nini, kimebaki nini. Hili mtu yeyote wa mtaa, hata asiye mwanachama, hata ndugu yake MCA, akija akitaka kulisoma anapewa anakaa kwenye kiti analisoma.

Rejista ya majina ni nyingine. M19 ni nani, simu yake, amekubali nini. Hii inashikwa na watu wawili, kwetu ni mweka hazina na mama mmoja mtu mzima ambaye sitamtaja, hana WhatsApp na hilo ndilo lililofanya tumchague. Tuliiweka daftari la karatasi makusudi. Karatasi haifowadiwi. Ikiwa lazima iwe kompyuta basi faili liwe na paswedi, lisikae kwenye simu, na lisitumwe kwa imeli hata "kwa dakika moja tu naprinti saiba". Saiba, yale maduka ya kompyuta, ndiko listi za mtaa huu zinakoishi.

Andikeni kidogo iwezekanavyo. Namba ya kitambulisho ya nini? Kijiji alikotoka ya nini? Dini yake? Niliwahi kuona fomu ya kikundi kimoja jirani yenye sehemu ya kabila, kwa mchango wa fotokopi! Katiba yetu ya 2010, ibara ya 31, inampa mtu haki habari zake za kibinafsi zisitakwe wala kufichuliwa bila ya lazima, na angalieni hapo neno ni kutakwa pia, sio kufichuliwa peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inahesabu dhamiri na imani za mtu kuwa data nyeti, na mimi naona mtu kuchangia kikundi kinachobishana na serikali kunakaribia sana hapo.

Kisha kuna hili ambalo wengi hawalijui. Kanuni za usajili za 2021 zinasamehe wadogo kujisajili kwa Kamishna wa Data, yaani wenye mapato chini ya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi, lakini wanaotumia data kutafuta uungaji mkono wa kisiasa kwa wapiga kura hawasamehewi hata wawe wadogo vipi. Kwa hivyo ile hatua ya 1 haikuwa porojo. Mkiisogelea kampeni, usajili unawahusu. Na hata mliosamehewa kujisajili hamjasamehewa kulinda data.

Ile sentensi ya kumwambia mchangaji iwe fupi, kwa Kiswahili cha watu. Yetu: "Jina lako litajulikana na watu wawili tu. Hatutalitaja ukiwa chini ya 5,000 kwa mwaka, isipokuwa uwe kwenye siasa au kandarasi za kaunti. Tunalifuta miaka miwili baada ya shughuli kuisha. Ukitaka tulifute mapema, sema." Basi. Msiandike kurasa tatu za wakili, hakuna atakayesoma.

Hatua ya 6: Risiti na kalamu nyeusi

Matumizi lazima yaonekane na risiti, na risiti zina majina, ya dereva wa matatu, ya mwenye duka, ya dada aliyepika. Watu huziba jina kwa kalamu ya simu halafu wanaposti. Jaribu hivi: ichukue hiyo picha, ongeza mwangaza mpaka mwisho. Kalamu nyingi za kwenye simu ni nyepesi, jina linarudi kama mzimu. Nilifanyiwa hivyo kwenye mkutano na kijana wa fomu three, nikabaki nimeduwaa.

Fanya hivi: kata kabisa hiyo sehemu ya picha, au weka kisanduku cheusi kizito kisha uichukue skrinishoti ya ile picha uposti skrinishoti. Ya karatasi paka maka pande zote mbili, kisha piga fotokopi, bandika fotokopi. Ile ya asili inabaki kwenye faili kwa wakaguzi.

Hatua ya 7: Pesa kubwa, na pesa isiyo pesa

Sasa ile hadithi ya pili. Baada ya balaa la muuguzi tulifunga kila kitu, hakuna jina la mtu hata mmoja, mkubwa wala mdogo. Tukajiona werevu. Mwaka uliofuata tunasukuma mitaro ya maji ya mvua, ikaingia 80,000 kupitia kwa mtu wa mtu, "msamaria asiyetaka kutajwa". Kamati yenyewe haikumjua, mimi pia, nikaandika "msamaria". Mtaani wakaanza kusema tumenunuliwa na anayetaka uMCA. Tukakana kwa nguvu zote, na kweli hakuwa yeye. Alikuwa mkandarasi aliyekuwa anaitaka kazi ya kuchimba hiyo mitaro. Tuliposikia pesa tulishaila nusu kwenye matatu na mabango. Tulirudisha kwa kuchangishana, miezi saba, na watu kumi na mmoja walitoka kikundini, wengine mpaka leo tukikutana sokoni ni salamu ya mbali.

Kwa hivyo: mtu anaweza kufichwa kwa umma, kwa wale wawili wa rejista hafichwi kamwe. Hela isiyo na mwenyewe inarudi ilikotoka, ikishindikana inakaa pembeni haiguswi mpaka mwenyewe ajulikane. Na kwa yeyote aliyevuka kiwango, muulizeni maswali manne uso kwa uso na muandike majibu. Hii pesa ni yako au umetumwa? Una kazi au unatafuta kazi kaunti? Unataka cheo 2027? Tukipinga jambo unalolipenda wewe, utatudai? Hilo la nne jibu lake silijali sana, naangalia uso.

Pesa isiyo pesa ndiyo wanayopita nayo. Lori la kubeba watu, tenti, maji ya chupa katoni ishirini, tisheti. Lo, tisheti! Mtu anawaletea tisheti mia bure, ukiangalia rangi unajua chama. Kila kitu kipewe bei ya soko kiandikwe kama mchango: tenti na viti ungekodi kwa kiasi gani, basi huo ndio mchango wake, na ukivuka kiwango anatajwa.

Walio ng'ambo, Doha, Muscat, Jeddah, kina dada zetu na kaka zetu wanaotuma, kanuni ni ileile, ila mkumbuke swali la "nani anawafadhili kutoka nje" hutumika kama rungu. Julai 2024, wakati wa maandamano ya Gen Z, Rais Ruto akiwa Nakuru aliitaja Ford Foundation, shirika la ufadhili la Marekani, hadharani kwamba inafadhili vurugu, na wenyewe wakakana. Ikiwa wakubwa wanaulizwa hivyo nyinyi mtaulizwa na naibu wa chifu. Muwe na jibu la takwimu mkononi: mwaka huu asilimia kadhaa ya pesa imetoka mtaani, kadhaa imetoka kwa wazaliwa wa hapa walio nje, ya shirika la nje hakuna, au ipo na ni hii hapa.

Hatua ya 8: Kusoma hesabu

Kila mwezi kwenye mkutano, kwa sauti, dakika kumi. Karatasi ibandikwe dukani au pale watu wanapochota maji, isiwe WhatsApp tu. Kila miezi sita vutieni kura wakaguzi watatu kutoka kwa wanachama wasio kwenye kamati, majina kwenye kofia, mtoto avute. Wakaguzi wanaona stetimenti ya benki yote. Rejista ya majina hawapewi, wanachagua namba tano bila mpango, M07, M22 na kadhalika, na yule mama anawapigia hao watano mbele yao kwa spika: ulitoa kiasi gani mwezi wa tatu? Sauti wanaisikia, jina hawaambiwi. Sio kamili, mtaa ni mdogo na sauti zinajulikana, kwa hivyo mchangaji anaulizwa kwanza kama anakubali, asipokubali inavutwa namba nyingine.

Hatua ya 9: Wakija kuitaka listi

Watakuja. MCA atataka "awashukuru". Chifu atataka "ajue tu". Mwandishi wa habari atataka. Mwanachama mwenye kinyongo atataka zaidi ya wote. Jibu ni moja kwa wote na liwe limeandikwa, mtu asibuni akiwa na hofu: daftari la pesa hili hapa soma, wakubwa waliotajwa hawa hapa, majina mengine hayatolewi. Mwanachama ana haki ya kujua pesa, hana haki ya kumjua jirani yake.

Polisi au ofisi ya serikali wakija, waambieni waandike wanataka nini, chini ya sheria gani, na kama kuna amri ya mahakama muoneni wakili kabla ya kujibu. Usibishane mlangoni, usidanganye kwamba rejista haipo, na usiichome, kuichoma baada ya kuombwa kunaweza kuwa kosa lenyewe. Kupinga kwa njia ya sheria kuna historia. Alabama kule Marekani mwaka 1956 jimbo liliitaka NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, itoe majina ya wanachama wake. Wakakataa, wakapigwa faini ya dola 100,000, na mwaka 1958 Mahakama ya Juu ikawapa haki, kwamba kuanika wanachama kungewatisha watu wasijiunge. Hapo hoja ni ileile ya muuguzi wetu.

Hatua ya 10: Ikivuja

Msijifiche. Sheria ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 pale kuna hatari ya kweli kwa wenye data, na wenyewe waambiwe. Sisi tunawaambia wenyewe kwanza, kwa simu, sio kwa ujumbe, mmoja mmoja. "Dada, jina lako limetoka, limefika kwa fulani, tumefanya hivi." Aibu ni kubwa lakini asikie kwako kabla hajasikia kwa mkubwa wake. Na msidhani hawa wa data wanacheza, 2023 baa moja Nairobi ilipigwa faini ya 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa. Wakenya pia wameshaungua, Juni 2021 watu waliingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kuvikanyaga. Kwa hivyo ukimwomba mtu jina lake leo anakuangalia mara mbili, na hana makosa.

Mweka hazina akitoka

Hapa ndipo wengi wanasahau. Kukabidhi sio kupeana daftari na picha ya pamoja. Siku hiyohiyo nendeni benki mbadilishe watia saini, paswedi ya Paybill ibadilishwe, aondolewe uadmini. Kisha kaeni naye chini, chai mezani, afungue simu yake mbele yenu: picha za stetimenti, jumbe, faili, afute. Halafu afungue lile fungu la vilivyofutwa karibuni, afute tena, kwa sababu picha hukaa humo siku kadhaa. Halafu Google Photos, halafu ile bakapu ya WhatsApp. Mimi natoka Desemba, na yule mama ameshaniambia niende na simu zote mbili, hata ile ya kadude.